Ufagio Usiorukwa

Wako wanaume wanaojua kushika mkono wa msichana, na wako wanaojua kuuachia. Elkana alijua yote mawili, na Bénie alikuwa ameishi na yote mawili kwa mwaka mzima. Jioni treni ikitoka Parramatta, kule Australia, imejaa watu waliochoka na kazi, vidole vya Elkana vilikuwa mali ya Bénie. Alivichezea, alivikunja na kuvikunjua, aliegemea bega lile akasinzia. Treni ikikaribia Blacktown, mahali wanapopandia Wakenya wa kanisa la dada yake Elkana, mkono ule ulirudi mfukoni mwa mwenyewe, na Elkana akaanza kusoma simu yake kama msafiri asiye na mwenzake. Bénie alishuka Rooty Hill bila kuagwa.

Ungemwuliza kwa nini alivumilia, angekwambia anampenda. Jibu ndilo hilo, na mimi sina la kumwongezea. Alimpenda kwa sauti yake ya chini. Alimpenda kwa asubuhi zile za baridi alipomletea chai ya moto getini, pale kwenye makao ya wazee ambako Bénie alifanya shifti za usiku. Alimpenda pia kwa namna alivyolitamka jina lake bila haraka, na usiniulize hiyo ni sababu ya namna gani, kwa sababu aliyewahi kupenda anaijua.

Ndiyo maana siku ile ya kikao, Elkana aliponyanyua mkono, Bénie alidhani ameona vibaya.

Kikao kilikuwa cha chama cha wanafunzi wa Kiafrika. Kila mwisho wa Februari, chama hicho kilifanya sherehe chuoni kukumbuka historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, na mwaka huu mwenye sherehe hasa alikuwa profesa mmoja wa historia aliyetoka Georgia, Marekani. Alikuwa mama mwenye mwili mkubwa na nywele za mvi zilizonyolewa fupi, na hakucheka ovyo. Aliwaeleza jinsi watu wake walivyokuwa wakioana wakati wa utumwa. Sheria haikuitambua ndoa yao, na bwana wao angeweza kumwuza mume wakati wowote anaotaka. Basi waliwaita wenzao, wakaulaza ufagio chini, wakashikana mikono, wakauruka. Wakishatua upande wa pili, walikuwa mtu na mkewe.

"Kwenye sherehe nataka tuwaonyeshe watu jambo hilo," profesa alisema. "Lakini sitaki waigizaji. Nataka wawili wanaopendana kweli, wasimame mbele ya watu na wajulikane."

Kila mtu akatazama meza. Kisha Elkana, yule yule wa mkono mfukoni, akanyanyua mkono.

"Mimi na Bénie," alisema.

Wenzao wakapiga vigelegele na kugonga meza. Bénie aliinamisha uso, akalia machozi mawili ambayo alisema ni ya mafua. Kwa majuma yale ya mazoezi alitembea kama asiyekanyaga chini. Siku moja Tevin, mshereheshaji wao, alikuwa akifagia jukwaa, na ufagio ulipokaribia viatu vya Elkana, Elkana alipanda juu ya kiti.

"Usinifagie miguu bwana," alimwambia Tevin. "Nyanya yangu kule Kisii alisema mtu akifagiwa miguu haoi. Na mimi nataka kuoa."

Alisema hivyo huku akimtazama Bénie, na alimtazama kwa muda mrefu. Bénie aliucheka ule ushirikina, lakini moyoni aliuchukua kama barua ya posa. Hata kwao, kutoka Butembo kule Kongo hadi Rooty Hill, miguu ilikuwa haifagiwi. Mama yake akishika ufagio jikoni, watu wazima na watoto waliinua miguu bila kuambiwa.

Tena mama yake, Mama Généreuse, ndiye aliyekuwa mwenye mafagio. Alikata majani marefu yaliyoota nyuma ya uzio, akayaanika kwenye baraza, akayafunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, na wanawake wa Kikongo walikuja kuyachukua hata kutoka Merrylands, kwa kuwa mashine ya kunyonya vumbi haifiki kwenye pembe. Bénie alipomwomba ufagio mpya kwa ajili ya sherehe, mama aliuliza ni wa nini.

"Wa kupamba meza," Bénie alijibu.

Aliongopa. Kwa Mama Généreuse ufagio haukuazimwa, haukutolewa nje jioni, na mwenye akili zake hakuuruka. Lakini Bénie alitaka mama yake aje, akae mbele, amwone kwa macho yake huyo kijana ambaye mwaka mzima hajawahi kugonga mlango wao kusalimia. Alimwambia mama kwamba siku hiyo atamwona kijana wake, lakini habari ya kuruka hakumwambia; akishaona, watamwelewesha. Wawili hawa walipendana na wote wawili waliwaficha watu wao, na ukiniuliza mimi, hapo ndipo shari ilipoanzia.

Siku ya sherehe ilikuwa Jumamosi yenye joto la kukata pumzi. Ukumbi wa chuo ulijaa kabla ya saa kumi. Ukutani kulitundikwa mablanketi ya viraka yaliyoshonwa kwa mkono, kwaya ya vijana wa Kikongo iliimba nyimbo za mashamba ya pamba, na vijana wa Kikenya walicheza ile ngoma ya wanafunzi weusi wa Marekani, ya kupiga miguu chini na mikono mapajani, hadi jukwaa likatikisika. Kwenye meza za nyuma kulikuwa na mkate wa mahindi, maharage, na majani ya kijani yaliyopikwa na nyama ya moshi. Mama Généreuse, kitenge kipya na kilemba cha Jumapili, aliyaonja yale majani akasimama na kijiko mkononi.

"Hii nani alipika?" aliuliza. "Iko mutu wa kwetu."

Walimwonyesha profesa. Wanawake wale wawili, mmoja bila Kiingereza cha kutosha na mwingine bila Kiswahili, walitazamana wakacheka, na profesa akamwongezea sahani. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha furaha mtakachokisikia katika hadithi hii.

Kwa maana mlango ulifunguliwa, akaingia Rispah.

Rispah alikuwa dada mkubwa wa Elkana, muuguzi, mwenye nyumba ya bustani kule Penrith. Ndiye aliyemleta mdogo wake Australia, ndiye aliyemlaza na kumlisha. Hakuwa mtu mbaya, na ninalisema mapema kwa sababu mtamchukia. Aliliona jina la Elkana kwenye tangazo la sherehe, akaja kumwona ndugu yake jukwaani, bila kujua atafanya nini. Hakuja peke yake. Alikuja na Bridget, msichana mpole wa kanisa lao, Mkisii kama wao, na akamketisha kwenye kiti cha Elkana na kumpakatisha begi la Elkana.

Bénie aliyaona yote hayo kupitia tundu la pazia, akiwa amevaa gauni jeupe na ufagio umefungwa utepe mkononi. Alimwona Elkana akimwinamia dada yake, akisema jambo, akicheka kwa woga. Kisha Elkana akaja nyuma ya pazia. Hata kabla hajafungua mdomo, Bénie alijua, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa mfukoni.

"Tevin ataruka badala yangu," Elkana alisema.

"Kwa nini?"

"Rispah yuko hapa."

"Namwona. Amevaa bluu. Kwa hiyo?"

"Bénie, please. Unajua vile yuko."

"Sijui vile yuko. Hujawahi kunipeleka nikamjua."

"Nilikuwa napanga kumwambia. Pole pole, baada ya mitihani."

"Mitihani ya mwaka gani, Elkana? Ya Juni ilipita. Ya mwisho wa mwaka ikaja ikapita."

Elkana alishusha pumzi. Alikuwa amenyoa vizuri, na shati lile jeupe lilimkaa kifuani kwa namna ambayo Bénie angeisifu siku nyingine yoyote. Alitamani kukiweka kichwa chake pale na kusahau. Alijikasirikia kwa kutamani.

"Ni ufagio tu," Elkana alisema. "Ni mchezo wa dakika mbili. Tevin anajua vile inaenda."

"Ulinyanyua mkono mwenyewe. Hakuna aliyekushurutisha."

"Sikujua atakuja."

"Kwa hiyo unanipenda akiwa hayupo."

"Usiongee hivyo."

"Niongee vipi? Nifundishe." Alishusha sauti. "Na yule aliyekalia kiti chako ni nani?"

"Bridget. Ni mtu wa kanisa."

"Mtu wa kanisa amepakata begi lako."

"Rispah ndiye amempea."

"Na wewe ukamwangalia tu."

Elkana alitazama pazia. Nje, kwaya ilikuwa ikimaliza wimbo, na Tevin alishika kipaza sauti kuwaita wanaofuata.

"Mama yangu yuko mstari wa mbele," Bénie alisema. "Nimemwambia leo atakuona."

"Ataniona siku ingine."

"Hakuna siku ingine. Rudi ukakae na wageni wako."

"Bénie, usifanye hivi."

"Nani anayefanya? Mimi nimesimama hapa na ufagio. Mimi sijaenda popote."

Alingoja. Nawaambia ukweli, alimngojea pale akihesabu pumzi zake mwenyewe, akiamini bado kwamba atamshika mkono. Elkana alimgusa kiwiko kidogo, akageuka, akateremka ngazi za pembeni kwenda kukaa kati ya wageni wake.

Bénie alitokea jukwaani na Tevin. Watu walipiga makofi. Profesa alieleza habari ya ufagio, kwa sauti ya kawaida tu, bila kuigiza, kisha akamtaka Bénie aulaze chini. Bénie aliinama akaulaza. Alipoinuka, mama yake alikuwa amesimama.

"Bénie," Mama Généreuse aliita. Hakupaza sauti sana, lakini mstari wa mbele wote ulimgeukia. "Hii fagio si yangu?"

"Ni yako, mama."

"Uliniambia iko ya kupamba meza."

"Nilikudanganya, mama. Unisamehe."

"Kwetu fagio haturukake. Na weye unajua."

Profesa aliuliza mama anasema nini. Bénie, uso ukimwaka moto, alimtafsiria mbele ya ukumbi mzima. Profesa hakukasirika. Alishuka jukwaani, akaenda kusimama karibu na Mama Généreuse.

"Mwambie hata sisi hatukuuruka kwa mchezo," alisema. "Mwambie tuliuruka kwa sababu hatukuachiwa kitu kingine."

Bénie alitafsiri. Mama Généreuse alifikiri.

"Mwulize. Wale watu, wazazi wao walikuwa wapi?"

Bénie aliuliza. Profesa alijibu kwa neno moja, na Bénie akalitafsiri kwa shida.

"Waliuzwa, mama."

Mama Généreuse alitazama chini. Yeye mwenyewe alimwacha mama yake mzazi Butembo kwenye moshi wa vita, na hadi leo hajui amezikwa wapi. Alifunga na kufungua mkoba wake.

"Na nani aliwashuhudia?"

"Wale waliokuwepo," profesa alisema.

"Voilà, ndiyo hivyo. Basi sisi tuko hapa." Mama Généreuse alijiweka sawa kilemba, akapandisha macho jukwaani. Alimtazama Tevin toka juu hadi chini, na Tevin akatazama viatu vyake. "Lakini huyu si yeye. Mutoto wangu halii kwa ajili ya huyu. Mwanaume iko wapi?"

Hakuna aliyemtafsiria mtu, na hapakuwa na haja. Wanachama wote waliokuwepo kwenye kikao kile walijua, na mmoja baada ya mwingine waligeuza vichwa kuelekea mstari wa nne, kati ya Rispah na Bridget. Bénie naye aliangalia huko. Alikuwa na mama yake upande wake sasa, jambo ambalo hakulitarajia, na ufagio ulikuwa chini, na nafasi ya mtu mmoja ilikuwa wazi kando yake. Kilichobaki ni Elkana kusimama. Hakutakiwa kusema lolote.

"Kwani ni wewe wanangoja?" Rispah alimwuliza ndugu yake, na kwa jinsi ukumbi ulivyotulia, kila mtu alisikia.

Elkana alimtazama Bénie. Kwenye macho yale kulikuwa na mapenzi, Bénie aliyaona, hakuna atakayemwambia hayakuwepo. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

"Hapana," Elkana alisema. "Sisi ni marafiki tu. Wa chama."

Bridget aliinamisha kichwa, akaliweka begi chini polepole.

Profesa alipanda tena jukwaani. Aliinama kwa taabu, mkono kwenye goti, akauokota ufagio. Hakumrudishia Bénie. Aliusimamisha kando yake kama fimbo.

"Leo haurukwi," alisema. "Nitawaambia habari ya mama wa bibi yake bibi yangu, kisha kwaya itaimba. Aliruka ufagio na mwanamume aliyempenda, na mahindi hayajavunwa yule mwanamume akauzwa jimbo lingine. Hakumwona tena. Vita vya kukomesha utumwa vikaisha, uhuru ukaja, karani wa serikali akapita akimwuliza kila mtu kama ana ndoa. Yeye akasema ndiyo, anayo. Karani akamwuliza mume yuko wapi. Akamwambia sijui, lakini waulize hawa, waliona."

Aliuegemeza ufagio ukutani. Kwaya iliimba, na watu waliimba nayo, na wengi walikuwa wakijifuta macho kwa ajili ya bibi yule wa zamani. Bénie alilia pamoja nao. Ilimsaidia kwamba hakuna aliyeweza kutenganisha machozi ya mtu mmoja na ya mwingine.

Wageni walipoanza kutawanyika, jua likiwa bado juu ya paa za maegesho, wanachama walibaki kusafisha. Mama Généreuse aliutwaa ufagio wake kutoka ukutani, akaung'oa ule utepe, akamkabidhi binti yake.

"Fagio ni ya kufagia," alisema. "Fagia, twende nyumbani."

Bénie alifagia akiwa na gauni lake jeupe, amelikunja magotini. Makombo ya mkate, vikombe, karatasi. Rispah alikuwa bado ameketi, akimngoja Elkana aliyekuwa akibeba viti. Ufagio ulipomkaribia, aliinua miguu yote miwili haraka, na Bridget kando yake vivyo hivyo, kisha Rispah akaikunja yake chini ya kiti kwa heshima zake zote.

"Wewe msichana, hebu simama kidogo," Rispah alisema.

Bénie alisimama. "Ndiyo, dada."

"Mimi sina ubaya na wewe. Lakini ulitaka kumtegea ndugu yangu mbele ya watu."

"Kumtegea?"

"Si kila mtu alikuwa na simu mkononi? Video ifike Kisii, mzee aone kijana yake anarukishwa ufagio na Wakongo, bila wazee, bila mtu wa kwetu kuulizwa. Kesho mseme ameoa."

"Aliyenyanyua mkono ni yeye. Mwulize."

"Nimemwuliza. Amesema mbele ya watu wote nyinyi ni marafiki. Ama hukusikia?"

"Nilisikia, dada."

"Basi wacha iishie hapo. Elkana ako na masomo, ako na plan, ako na familia inamtegemea. Nyinyi mlikuja huku kama wakimbizi, serikali ikawapokea, sawa, Mungu awabariki. Sisi tulikuja na vitabu. Haya si maisha ya aina moja."

Bénie alikaza mkono kwenye ufagio. Maneno yalimjia, yote machafu, na alikuwa akichagua la kuanza nalo pale mama yake alipotokea nyuma yake na mfuko mweusi wa takataka.

"Ni kweli, mama," Mama Généreuse alimwambia Rispah, kwa utulivu wa kutisha. "Tulikimbia. Miye nilikimbia na huyu mutoto mugongoni, watu wanapiga masasi nyuma. Vitu vingi nilitupa njiani. Yeye sikumuweka chini hata siku moja nikasema si wangu, iko rafiki tu."

Rispah aliinuka. Alichukua mkoba wake. Mbele ya mlango aligeuka, na aliyemtazama hakuwa Bénie wala mama yake.

"Elkana, niko kwa gari. Usinikalishe nikikungoja."

Bridget alimfuata. Alipompita Bénie alisema "pole" kwa sauti isiyosikika, na Bénie, pamoja na hasira zake, alijua ni pole ya kweli.

Ukumbi ukabaki na watu wachache waliokuwa wakibeba viti nje. Bénie alirudi kwenye kufagia. Alimsikia Elkana kabla ya kumwona, kwa harufu ya mafuta yake ya nywele na kwa ile namna yake ya kusimama karibu bila kugusa.

"Bénie."

Alifagia.

"Nilishikwa tu. Watu walikuwa wengi, wote wananiangalia."

"Mimi pia waliniangalia."

"Wewe ni jasiri. Mimi niko kwa nyumba yake, nakula kwake. Hujui vile nimebanwa."

"Najua. Ningebanwa pamoja nawe. Nilikuwa nimeshakubali."

Elkana alipitisha mkono usoni. Alipouondoa, macho yalikuwa mekundu.

"Nakupenda," alisema. "Haki ya Mungu, Bénie, sijawahi kupenda mtu hivi. Weka huo ufagio chini turuke sasa. Hapa hapa, mimi na wewe. Sifanyi mchezo."

Nisiwadanganye, moyo wa Bénie uliruka kabla ya miguu. Mikono ilianza yenyewe kuulaza ufagio. Angeweza kuruka. Angeweza kutua upande wa pili, kumkumbatia yule mwanamume, na kurudi naye kwenye treni ya jioni kana kwamba siku nzima haikuwahi kuwepo.

"Nani atatuona?" aliuliza.

"Hakuna mtu. Ndio maana nasema sasa."

Bénie aliunyanyua ufagio.

"Mwite dada yako," alisema. "Aingie asimame pale mlangoni tu. Si lazima afurahi. Aone, basi."

"Bénie."

"Mwite, niruke."

Nje honi ya gari ililia. Elkana aligeukia mlangoni.

"Wiki ijayo," alisema, akitazama huko. "Nitamwambia wiki ijayo, nakuahidi. Nitamkalisha chini, nimwambie pole pole. Lazima kwanza nijue vile nitaanza."

Honi ililia tena, mara hii ndefu. Elkana alibaki pale pale, mwili kwa Bénie na uso mlangoni, na hakuna hata kimoja kilichosogea.

Bénie alianza kufagia kutoka pale alipokuwa. Hakuharakisha. Aliyaleta makombo na vipande vya utepe kwa mkupuo mmoja mmoja, sakafu ikisikika, na alijua kabisa anaelekea wapi. Mbele yake vilikuwa viatu vyeupe walivyovichagua pamoja dukani Merrylands, siku waliyokula aiskrimu moja kwa vijiko viwili. Alimpa nafasi. Mtoto yeyote wa kwao au wa kwa kina Elkana angesikia ule mchakacho na kuinua miguu akiwa usingizini. Rispah aliinua, na kiburi chake chote. Elkana alikuwa akiangalia mlango.

Ufagio ukapita juu ya kiatu cha kushoto. Ukarudi, ukapita juu ya kile cha kulia, taratibu, hadi kwenye kisigino.

Elkana alitazama chini, akiwa amechelewa.

"Bénie," alisema. "Umenifagia miguu."

"Ulikuwa umesimama hapo."

"Unajua maana yake."

"Najua. Nenda, unapigiwa honi."

Elkana akaenda. Alitembea haraka zaidi kila alivyokaribia mlango, na hapo mlangoni alianza kukimbia. Bénie aliwasikia wakifunga milango ya gari.

Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama nyuma yake. Ameona yote. Maisha yake yote Mama Généreuse alimkataza mwanawe kumfanyia binadamu jambo lile, hata adui, na Bénie aliinamisha kichwa kungoja karipio.

Mama Généreuse aliinama, akaufungua mdomo wa mfuko mweusi kwa mikono miwili, akauweka chini mbele ya ufagio.

"Leta takataka," alisema.